Usichimbe chini ya lava: kwa mnaoingia World of Warcraft sasa

Wadogo zangu, karibu kila wiki mmoja wenu anaingia kwenye kibanda changu cha kutengeneza kompyuta, hapa Birere, akiwa na laptopu mgongoni. Anataka nimwekee World of Warcraft, ule mchezo wa mtandaoni wa kucheza na watu wengi, na hata kabla mashine haijawaka anauliza: "Yaya, nianzie wapi?" (Yaya, kwetu, ni ndugu mkubwa.) Nimelijibu swali hilo mara nyingi, bisibisi mkononi, mteja mwingine akinihimiza, na naona nimewapoteza wengi. Leo umeme umekatika tangu asubuhi, sina kazi, basi nawaandikia kwenye simu taratibu.

Mchezo wenyewe ulifunguliwa Marekani tarehe 23 Novemba 2004. Kuna baadhi yenu mlikuwa hamjazaliwa. Kufikia 2024 ulikuwa umepata nyongeza kubwa 10, moja karibu kila miaka miwili. Sisi tunaochezea kwenye seva za Kifaransa tumezoea kusema ekstansio, lakini nyongeza inatosha. Mgeni akisikia neno hilo anawaza mtu aliyeongeza chumba nyuma ya nyumba: chumba kipya kipo, vya zamani vipo, unaingia unapotaka. Hapo ndipo wengi mnapopotea.

Nyie ni watoto wa Goma, hamuhitaji maelezo marefu. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilimwaga lava hadi katikati ya mji. Nilikuwa na miaka minane. Tuliporudi, nyumba ya bibi haikuwapo. Ilikuwa imebaki miamba myeusi iliyokuwa bado inatoa mvuke. Watu hawakuichimba nyumba. Walisawazisha juu, wakachonga mawe ya lava hiyo hiyo, wakajenga upya. Mpaka leo ukitembea katikati ya mji unakuta jengo ambalo mlango wake wa barabarani zamani ulikuwa dirisha la ghorofani. Mji uko pale pale, ila unakanyaga tabaka jingine. World of Warcraft imejengwa hivyo hivyo. Kila nyongeza imefunika iliyotangulia, na aliyekuja jana akianza kuchimba atafute mlango wa 2004, atachoka kabla hajafika tulipo sisi.

Tabaka la kwanza lilikuwa The Burning Crusade, Januari 2007. Mimi sikuwepo, nilisimuliwa na wazee wa gilda yangu ya kwanza, yaani chama cha wachezaji, na walikuwa wakisimulia kama watu waliopoteza ng'ombe. Kabla ya hapo ngazi ya mwisho ya mhusika ilikuwa 60, na watu walikuwa wakikusanyika 40 usiku, wiki hadi wiki, ili mmoja wao apate joho au panga la rangi ya zambarau, rangi ya vitu bora. Kisha lango likafunguliwa kwenda Outland, ngazi ya mwisho ikawa 70, na kazi ndogo ndogo za mwanzo kabisa kule Hellfire Peninsula zikawa zinagawa vitu vya kijani, vile vya bei rahisi, vyenye nguvu kushinda zambarau za watu wengi. Jasho la mwaka mzima likauzwa kwa mchuuzi wa kwanza njiani. Tangu siku hiyo ndiyo sheria: nyongeza ikifunguka, mali ya jana inageuka chuma chakavu. Kwa hiyo ukiniona nimevaa kofia inayong'aa, usinionee wivu. Itang'aa miezi michache tu.

Ila kilichowauma wazee wale zaidi ni hesabu ya watu. Reidi kubwa, yaani mashambulizi ya pamoja dhidi ya majitu, zilishushwa kutoka watu 40 hadi 25, na Karazhan, ile waliyoanza nayo, ilichukua 10 tu. Fikiria kwaya ya watu 40 inaambiwa jukwaa lina nafasi 25. Hao 15 wanakwenda wapi? Kule kwenye makundi ya watu kumi nako kukawa na kundi la kwanza na kundi la pili, na hakuna mtu anayependa kuitwa kundi la pili. Gilda nyingi zilivunjika hapo bila hata adui kurusha jiwe. Ndiyo maana ukitaka kujua nyongeza mpya itawafanyia nini watu, usitazame madragoni kwenye tangazo. Uliza wanacheza wangapi kwa mara moja, na nani atabaki nje.

Wrath of the Lich King, Novemba 2008, ndiyo wanayoililia wengi. Ngazi 80, bara la barafu la Northrend, na Death Knight, shujaa wa aina mpya asiyeanza chini kabisa kama wengine, wakati huo alianzia ngazi ya 55. Lakini kitu kilichobadilisha maisha kiliingia mwishoni mwake, Desemba 2009, tena ni kitufe tu. Zamani ukitaka kwenda donjoni, pango la maadui la watu watano, ulisimama mjini ukipiga kelele kama makanga wa basi: "Tunatafuta mponyaji! Bado mmoja!" Baada ya hapo ukawa unabonyeza, mchezo wenyewe unakuchagulia wenzako wanne kutoka seva mbalimbali, unakurusha hadi mlangoni. Wazee wanasema kitufe kile kiliua ujirani, maana zamani mwizi wa mali ya kundi alijulikana seva nzima na hakupata pa kulala. Wana haki. Ila nao wana umeme saa 24. Mimi mwenye saa mbili za moto (umeme) na mega za intaneti za kuhesabu nakishukuru kitufe kile kila siku.

Kisha ikaja lava yenyewe. Cataclysm, Desemba 2010: dragoni Deathwing anatoka chini ya ardhi na kuupasua ulimwengu wa zamani. Nyongeza nyingine zote zilikuwa zimeleta ardhi mpya kando, hii iliandika upya ile ardhi ya 2004. Mabonde yakafurika, nyika ikapasuka mfereji wa moto, kazi za zamani zikafutwa kwa mamia na mpya zikawekwa. Nami nilipoingia miaka minne baadaye nilichanganyikiwa vibaya. Nilipita vijijini nikisikia watu wakilia kwa ajili ya Deathwing, nikapanda ngazi, nikaenda Outland nikakuta mambo ya kabla ya Deathwing, kisha Northrend nayo ya kabla, kisha nikarudishwa kwa Deathwing tena, akiwa mzima. Ni kama mtu akuonyeshe lava ya 2021, akurudishe kwenye harusi ya mwaka 1998, halafu akupeleke kuzima moto wa 2002. Sikuelewa chochote, nikadhani ni Kifaransa changu.

Haikuwa Kifaransa. Ni matabaka yaliyokatwa vibaya. Siku hizi wamelirekebisha: tangu 2020 mgeni anaanzia kwenye kisiwa kidogo cha mafunzo, Exile's Reach, anafika ngazi ya 10, halafu mchezo unamsukuma kwenye nyongeza moja ya karibuni badala ya kumzungusha zote. Ukishazoea, ukitaka kuona Northrend au Pandaria, kuna mhusika mdogo anaitwa Chromie, anakupeleka zama unayotaka. Sasa sikilizeni: mara ya kwanza, fuateni mnaposukumwa. Kuna kijana mmoja wa Ndosho aliapa atacheza zote kwa mpangilio, kuanzia 2004, "ili nielewe hadithi." Alikata tamaa Outland. Hadithi utaisoma. Kwanza pata watu wa kucheza nao, na watu wako kwenye tabaka la juu.

Kuhusu watu, niwaambie kilichonipata. Niliingia mwisho wa 2014, wakati wa Warlords of Draenor, kwenye kompyuta iliyoletwa na binamu kutoka Brussels. Nyongeza ile ilimpa kila mchezaji ngome yake mwenyewe: mgodi wako, bustani yako, askari wa kuwatuma kazini huku umekaa mezani. Niliipenda sana. Asubuhi nachimba madini, navuna majani, natuma askari, nazima. Sikuhitaji kutoka wala kuomba mtu. Kila mmoja alikuwa akifanya hivyo hivyo ndani ya uzio wake, na mji mkuu ukabaki kama soko siku ya mvua. Mwanzoni kampuni ilitangaza wanaolipa wamepita milioni 10. Mwisho wa Machi 2015 walikuwa milioni 7.1, na Juni milioni 5.6. Mwisho wa mwaka huo ikasema haitatangaza hesabu hiyo tena.

Mimi hesabu niliiona kwenye orodha ya gilda. Aliyeko anaonekana kwa rangi, aliyeondoka anakuwa kijivu. Jioni moja ya Agosti nilifungua orodha: majina zaidi ya 60, yote kijivu isipokuwa langu. Mkuu wa gilda alikuwa na siku 47 hajaonekana. Niliandika "habari za jioni" kwenye maongezi ya gilda, nikangoja kidogo kama mjinga, nikarudi mgodini kwangu.

Kwa hiyo nyongeza ikikupa kila kitu ndani ya uzio wako, ogopa kidogo. Na ujifunze kalenda: miezi ya kwanza kuna msongamano, katikati kuna utulivu, miezi ya mwisho watu wanapotea wakingoja nyongeza inayofuata. Ukiona gilda imelala wakati huo usikasirike, wala usifikiri wamekuchukia. Omba namna ya kuwapata nje ya mchezo kabla hawajawa kijivu.

Pandaria ya 2012 nimeiruka kwa sababu sikuicheza wakati wake. Watu waliicheka kwa ajili ya wahusika wake wenye sura ya panda, na sasa waliocheka ndio wanaoisifu.

Legion, Agosti 2016, ilinirudisha mjini. Tulikuwa wote Dalaran tena. Ndiyo iliyoleta donjoni za watu watano zenye saa inayohesabu na ugumu unaopanda kila ukishinda, na mpaka leo nusu ya mchezo ni hizo. Pia ilimpa kila mmoja silaha ya hadithi ya kulisha nguvu. Mimi paladini nilipewa upanga Ashbringer, nikaulisha karibu miaka miwili, kila usiku, hata nikiwa na malaria. Nyongeza ilipoisha tulipelekwa jangwani Silithus, tukaambiwa tumimine nguvu zote za silaha zetu kufyonza sumu ya upanga mkubwa uliochomekwa ardhini. Nikamimina. Ashbringer ikabaki chuma cha kawaida. Iliyofuata, Battle for Azeroth ya 2018, ikatupa mkufu wa kulisha upya, na Shadowlands ya 2020 ikaleta yake. Nguvu za kuazima, ndivyo wachezaji walivyoziita, na walilalamika mpaka Dragonflight ya 2022 ilipoachana na mtindo huo. Kiongozi yeyote akiwaambia mlishe kitu usiku na mchana, ulizeni kwanza kama kitavuka kwenda nyongeza ijayo. Kama hakivuki, lala.

Shadowlands pia ilishusha ngazi: waliokuwa 120 wakaamka wako 50. Ukisoma maelekezo ya zamani yanayotaja ngazi ya 110, usiyafuate, ni namba za mji uliofunikwa. Na kama ni ya Kiingereza utaona majina tofauti na yako: Outland kwenye mchezo wa Kifaransa ni Outreterre, Northrend ni Norfendre, Deathwing ni Aile de mort. Niliwahi kutafuta "Outland" kwenye ramani jioni nzima.

Kuna waliokataa lava kabisa, wakadai mji wa zamani. Wakapewa: World of Warcraft Classic, Agosti 2019, ngazi 60 kama mwanzo. Nami nilikwenda kuchungulia. Miaka miwili haijaisha, wakaongezewa Burning Crusade, halafu Wrath, na Mei 2024 Cataclysm ikawafikia nao. Zimebaki seva chache zinazokaa milele kwenye ngazi 60, na wanaopenda wako huko kwa raha zao. Kwa mgeni mwenye mega chache ni polepole mno, kutembea kwa miguu tu kutakumalizia furushi la mega.

Sasa mambo ya mfukoni. Hadi ngazi ya 20 ni bure, ila hapo huingii mnadani. Ukilipa abonema (ada) ya mwezi, tangu 2018 nyongeza zote za zamani zimo ndani, inayouzwa peke yake ni ile mpya kabisa. Msiinunue siku ya kwanza. Kama huna kadi ya kulipia kwenye intaneti, tafuta ndugu akulipie mwezi mmoja, na mwezi huo fanya kazi ya dhahabu: vua samaki, chuma majani, uza mnadani. Pale mnadani kuna tokeni, ilianza 2015, unainunua kwa dhahabu ya mchezo na inakupa siku 30. Bei yake inapanda na kushuka kama ya makaa, mjifunze kungoja.

Seva zetu ziko Ulaya, na ishara kwangu inachukua kama robo ya sekunde kwenda na kurudi. Msichukue kazi ya kukatiza mapigo ya adui, mtachelewa daima. Druidi mponyaji anafaa, dawa zake nyingi zinaendelea kufanya kazi zenyewe hata ishara ikisuasua. Na nyongeza ya Agosti 2024, The War Within, imeleta mapango madogo unayoingia peke yako na mzee Brann Bronzebeard anakusindikiza. Umeme ukikatika humo, hakuna mtu wa kukutukana.

Saa nazo: sisi hatubadilishi, Ulaya wanabadilisha. Reidi ya saa tatu usiku ya Paris, wakati wa baridi yao, ni saa nne kwetu. Mwisho wa Machi inakuwa saa tatu kwetu pia. Mwaka wangu wa pili niliingia saa nne kamili kwa majivuno, nikakuta nafasi yangu amekaa mtu mwingine na jitu la kwanza limeshaanguka.

Mchezo mzima unapita gigabaiti 100. Msiushushe kwa mega za simu. Njooni na diski ya nje, nakili folda yangu, ukifika nyumbani utashusha tofauti ndogo tu. Jumapili baada ya ibada nipo, ila moto ukiwaka nahudumia kwanza waliolipa.