Kalipa za breki zilizokwama: nilivyozifufua kwenye Celica yangu hapa Mwanza

Nilianza kusikia harufu nikiteremka kutoka Bugando, harufu kali ya kitu kinachoungua. Gari langu ni Toyota Celica ya 1995. Nililinunua likiwa limelala uani kule Nyakato karibu miaka miwili, na tangu asubuhi ile lilikuwa linavuta kushoto, nami nikajiaminisha kuwa ni tairi limepungua upepo. Nikaegesha pembeni, nikachukua chupa ya maji ya kunywa na kumwagia rimu za mbele kidogo kidogo. Ya kulia ikalowa tu. Ya kushoto maji yakaruka na kuchemka kama unaposhusha sato kwenye mafuta ya moto.

Ushauri wa kwanza niliopewa na karibu kila mtu ulikuwa mmoja: tafuta kalipa ya mtumba (kalipa ni kile chuma kinachobana pedi za breki kwenye diski ya gurudumu), funga, endelea na maisha. Nawaomba wenye magari ya zamani, hasa haya ya michezo ambayo spea zake ni adimu, msikimbilie huko. Kalipa ya mtumba imetoka kwenye gari la umri uleule, imekaa kwenye rafu miezi mingi bila mafuta ya breki ndani, na mipira yake ni ileile ya zamani. Chuma cha kalipa hakifi kirahisi. Kinachokufa ni mipira, pistoni inayosukuma pedi, na pini, na vyote hivyo vinabadilishika.

Lakini kabla hujafungua chochote, hakikisha kosa ni la kalipa kweli. Inua gurudumu, lizungushe kwa mkono. Likiwa zito, legeza skrubu ya kutolea upepo kwenye kalipa. Gurudumu likiachia palepale, maana yake kuna mafuta yaliyobanwa kwenye mfumo, na kalipa inasingiziwa. Funga skrubu, kanyaga pedali gurudumu lishike tena, kisha legeza kiungio cha paipu ya chuma pale inapokutana na mpira wa breki, yaani bomba laini linalopeleka mafuta kwenye kalipa. Likiachia hapo, angalia juu, kwenye masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali. Lisipoachia hapo lakini linaachia ukifungua kwenye kalipa, mpira wenyewe umevimba kwa ndani na unazuia mafuta kurudi, ingawa kwa nje unaonekana mzima kabisa. La kwangu halikuachia popote. Kalipa ilikuwa imekwama.

Nikalipeleka gereji, na hapo ndipo nilipojifunza kwa gharama. Fundi alifungua, akaosha kila kitu kwa petroli, pamoja na sili, ile pete ya mpira inayoizunguka pistoni, akapaka grisi ya kawaida na kufunga. Siku mbili tatu gari lilikuwa zuri. Siku ya nane breki zikashika tena, safari hii mbele zote mbili, nikashindwa kupanda Isamilo. Nilipofungua mwenyewe baadaye nikachomoa ile sili na kuilaza juu ya mpya iliyotoka kwenye pakiti. Ya zamani ilikuwa imezidi mpya kwa upana na unene, laini kama utumbo, inanata kidoleni. Sili na mipira mingine ya breki zinazotumia mafuta ya DOT (yale mafuta ya breki ya kawaida) haiwezani na petroli, dizeli, oili ya injini wala grisi ya kawaida. Inazinywa, inavimba, na sili ikivimba inaikaba pistoni.

Ukielewa sili inafanya nini utaelewa kwa nini hili ni kosa kubwa. Wengi wanadhani kuna springi ndani inayorudisha pistoni. Hakuna. Kuna pete moja tu ya mpira, yenye pande bapa, iliyokaa kwenye mfereji ndani ya kalipa na kuikumbatia pistoni. Ukikanyaga breki, mafuta yanasukuma pistoni mbele na sili inajipinda kidogo kuifuata. Ukiachia, sili inajinyoosha na kuivuta pistoni nyuma, sehemu ndogo tu ya milimita moja. Kurudi kwa breki kote kunategemea mjongeo huo mdogo. Sili ikivimba, au mfereji ukijaa uchafu ikakosa nafasi ya kujipinda, pedi zinabaki zimegusa diski mchana kutwa, na moto unaanza.

Kwa hiyo nikaagiza ripeakiti, yaani pakiti ya sili na mipira mipya ya kalipa, kutoka Dar, ikaja na basi la usiku. Usiende dukani kusema "nataka ya Celica" tu. Celica za kizazi hicho hazifanani breki. GT-Four, ile Celica yenye nguvu zaidi, ina kalipa za mbele za pistoni nne, wakati yangu ina pistoni moja kila upande inayosukuma, na kalipa nzima inateleza kwenye pini mbili. Pima kipenyo cha pistoni kwa venia (kile kipimo cha chuma chenye taya mbili), andika, ndipo uagize. Agiza za pande zote mbili hata kama kalipa moja tu ndiyo inayosumbua, kwa sababu nyingine ina umri uleule, na gari lenye breki nzima upande mmoja litakuvuta siku utakapokanyaga kwa dharura.

Neno moja kuhusu mawe. Mwanza hatukosi mawe, na nimeona magari mengi yameegemezwa juu yake watu wakiwa chini. Tafadhali usifanye hivyo. Jiwe linaviringika, linapasuka bila taarifa. Nunua au azima stendi mbili za chuma, ziweke mahali pagumu na tambarare, zuia magurudumu ya nyuma, kisha litikise gari kwa nguvu kabla hujaingiza hata mkono.

Kuitoa pistoni ndiyo kazi inayowatisha wengi. Kwa upepo wa kompresa inaweza kuruka kama risasi na kuvunja vidole. Mimi nilitumia pedali. Kabla ya kufungua mpira wa breki nilitoa pedi, nikaweka kipande cha mbao mahali pake, nikakanyaga taratibu, pistoni ikasogea yenyewe hadi ikakaribia kutoka. Fanya upande mmoja kwa wakati, ule mwingine ukiwa bado na pedi zake, na weka beseni chini. Mafuta yakimwagika kwenye bodi, mwagia maji mengi haraka, yanakula rangi.

Pistoni ya kushoto ilitoka na mduara wa kutu chini kidogo ya mdomo, pale mpira wa vumbi, ule unaofunika mdomo wa pistoni, ulipopasuka na kuruhusu unyevu. Nilipitisha ukucha na ukakwama kwenye vishimo. Hapo usijidanganye na msasa. Sili inateleza juu ya uso wa pistoni, na pistoni imepakwa kromu. Ukiisugua hadi kromu iishe, kutu itarudi upesi kuliko mwanzo. Nikanunua pistoni mpya. Ndani ya kalipa kuna nafuu zaidi, kwa sababu kwenye muundo huu sili haitelezi ukutani. Alama nyepesi unaweza kuzilainisha kwa msasa laini sana uliolowekwa mafuta mapya ya breki. Ukiona ufa au mchimbiko mkubwa, hiyo kalipa iache.

Muda wangu mwingi uliishia kwenye ule mfereji wa sili. Ulikuwa na uchafu uliogandamana kama ukoko wa sufuria. Bisibisi ya chuma itaukwaruza na utavuja, hivyo nilichonga ncha ya kijiti cha mishikaki na kukwangua polepole kuzunguka, nikisafisha kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, mpaka kijiti kikatoka cheupe. Kwa kalipa mbili nilimaliza karibu pakiti nzima ya vijiti na mchana wote wa Jumamosi. Sijutii hata dakika moja, kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi za haraka zinapoharibikia.

Kurudishia kunahitaji mikono safi. Lowesha sili kwa mafuta mapya ya breki, iweke kwenye mfereji na uizungukie kwa kidole kuhakikisha haijajisokota. Pistoni iingie wima, kwa kusukuma kwa viganja tu. Ikihitaji nyundo, simama, kuna kitu kimekaa vibaya. Pini za kutelezea zipake grisi ya silikoni ya breki, wala usizichanganye: kwenye gari langu moja ina mpira na nyingine haina, kila moja na tundu lake. Washa za shaba, yaani zile pete bapa za kwenye kiungio cha mpira wa breki, weka mpya. Na angalia kushoto na kulia. Skrubu ya kutolea upepo lazima ikae juu. Ukibadilishana pande itakaa chini, upepo utabaki juu ndani ya kalipa, na pedali itazama kama godoro hata utoe upepo mara ngapi.

Mafuta ya breki yananyonya unyevu hewani, na huku kandokando ya ziwa unyevu haukosekani. DOT 3 mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi kwenye 140. DOT 4 ni 230, kisha 155. Kwenye miteremko yetu tofauti hiyo ni kubwa sana. Nunua kopo lililofungwa na ulifungue siku ya kazi. Lile lililobaki nusu kwenye rafu ya gereji lisiingie kwenye gari lako. Fuata aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha tangi la mafuta ya breki, na usichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni.

Kutoa upepo nilisaidiwa na mpwa wangu, yeye kwenye pedali, mimi chini na kipaipu cha plastiki kilichozama kwenye chupa yenye mafuta kidogo.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga, mjomba."

"Shikilia usiachie." Nafungua, mapovu yanatoka, nafunga. "Haya, achia."

Tulianza gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, tukamalizia la karibu. Yalitoka mafuta meusi kama chai ya rangi iliyokaa, kisha ya kahawia, kisha yakawa safi bila povu. Kila baada ya mikanyago michache mpwa alishuka kuangalia tangi, maana likikauka unaanza upya.

Kabla gari halijasogea, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu. Kanyago la kwanza baada ya kazi hii huenda hadi sakafuni, na ukigundua hilo ukiwa tayari barabarani umechelewa. Nilizunguka mtaani polepole kwanza, kisha alfajiri ya Jumapili nikaenda barabara ya Usagara kuelekea Kigongo, nikipunguza mwendo taratibu mara nyingi bila kusimama kabisa ili pedi na diski zizoeane. Nikageuza kabla ya kupanda Daraja la Magufuli. Niliporudi nyumbani nikakaribisha kiganja kwenye rimu ya kushoto, nikazunguka hadi ya kulia. Joto lilikuwa sawa pande zote mbili. Jioni nikakagua tena nati zote, nikatandika gazeti chini ya kila gurudumu, na asubuhi yalikuwa makavu yote.