Kuendesha majaribio yanayohusika tu katika mradi wa Python

Ndugu uliyeuliza namna ya kuepuka kuendesha majaribio yote (vipande vya msimbo vinavyokagua kama programu inafanya kazi sawasawa) kila unapogusa mstari mmoja wa msimbo, nakujibu kutokana na mfumo wa ankara ambao timu yetu inautunza, nao pia unatumia pytest, yaani zana ya kuendesha majaribio ya Python.

Anza na pytest --durations=10, ikuonyeshe majaribio kumi yanayochukua muda mrefu zaidi, maana mara nyingi ni machache tu yanayokuchelewesha, na hayo yafaa yarekebishwe kwanza.

Ukishamaliza hilo, usichague majaribio kwa kufuata majina ya mafaili. Ukibadilisha ankara.py na kuendesha test_ankara.py peke yake, hutajua kwamba fanksheni uliyoigusa inaitwa pia na ripoti za mwezi, na huenda huko ndiko ilikoharibu. Unachohitaji ni kumbukumbu ya jaribio lipi lilipita katika msimbo upi, na kumbukumbu hiyo hutunzwa na pytest-testmon, programu-jalizi ya pytest: mara ya kwanza huendesha majaribio yote huku ikiandika katika faili la .testmondata sehemu zilizopitiwa na kila jaribio, na baadaye, ukiandika pytest --testmon, huendesha yale tu yanayohusika na sehemu ulizobadilisha.

Ila testmon hufuatilia msimbo wa Python, haifuatilii mafaili ya data, na hapa naomba uwe mwangalifu sana. Kwetu kiwango cha kodi kimo katika faili la YAML, yaani faili la maandishi la kuwekea mipangilio. Mwenzetu alipokibadilisha, halikuchaguliwa hata jaribio moja, ilhali hesabu ya kila ankara ilikuwa imebadilika. Ndipo tukaweka kanuni kwenye seva inayoendesha majaribio: git diff, amri inayoonyesha kilichobadilika, ikionyesha faili lolote lisilo la Python, ukiacha hati za maelezo, majaribio yote huendeshwa. Vilevile huendeshwa yote kila usiku na kabla ya kutoa toleo jipya, na sharti hilo sikushauri uliondoe hata kazi ikibana.

Wahandisi wa Facebook walieleza mwaka 2018 mfumo wa kuchagua majaribio unaojifunza kutokana na historia ya mabadiliko, uliopunguza gharama ya majaribio kwa nusu huku ukinasa zaidi ya asilimia 99.9 ya mabadiliko yenye kasoro. Njia hiyo hudai historia ndefu mno, kwa hiyo timu ndogo haiihitaji.

Jaribio likishafeli, tumia pytest --ff -x: yaliyofeli mara ya mwisho hutangulia, na kazi husimama penye kosa la kwanza.