Kengele ya Kilomita 120: Izimwe au Iachwe?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Muscat, Oman, na kila mwaka huipeleka familia yangu Salalah, kusini mwa nchi, kwa gari msimu wa kharifu, yaani majira ya manyunyu na ukungu huko. Gari letu hulia kengele kila mwendo ukizidi kilomita 120 kwa saa, watoto wanalalamika, na fundi mmoja amejitolea kuikata. Aidha, spidomita ikionyesha 120, simu huonyesha 114. Je, nimruhusu fundi? Na kati ya simu na gari, niamini kipi?
Msomaji, Muscat

JIBU: Ndugu msomaji, usimruhusu. Kengele hiyo si kasoro. Magari yanayotengenezwa kwa ajili ya soko la nchi za Ghuba huwekewa kengele ya kilomita 120, kiwango ambacho ndicho kikomo katika barabara kuu nyingi za Oman. Tena, katika magari mengi chombo kinacholia hapo ndicho kinachokukumbusha mkanda usiofungwa na mlango uliobaki wazi, kwa hiyo waya ukikatwa ovyo vyote hivyo hunyamaza.

Njia yenyewe ndiyo inayoifanya kengele iwe na maana. Ukishapita mji wa Adam, barabara hunyooka jangwani kwa mamia ya kilomita, kupitia Haima hadi Thumrait, na jicho linapokosa mti au nyumba ya kupimia mwendo, dereva huzoea kasi yake hata akaiona ndogo, akaendelea kukanyaga mafuta bila kukusudia. Mwanadamu huzoea, kengele haizoei. (Watoto nao, kwa maoni yangu, wanalalamikia mguu wa baba kuliko kengele.)

Hata hivyo, usiitegemee kupita kiasi, kwa sababu inajua namba moja tu. Haijui kwamba ni usiku na kwamba ngamia wanavuka. Katika kilomita 120 kwa saa gari hukata mita 33 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja na nusu kutambua hatari na kukanyaga breki, mita 50 zimekwisha kabla gari halijaanza kupunguza mwendo, na hata kwenye lami kavu huhitaji takriban mita 80 zaidi ili lisimame. Taa za chini hazimuliki mbali kiasi hicho. Naye ngamia ana miguu mirefu, hivyo gari dogo humgonga miguuni na kiwiliwili chake kizito kikaangukia kioo cha mbele. Vivyo hivyo wakati wa kharifu, ukungu unapofunika milima kati ya Thumrait na Salalah, kilomita 60 zaweza kuwa nyingi mno, na kengele itakaa kimya. Ikiwa gari lako linaruhusu dereva kujiwekea kiwango chake kwenye dashibodi, kiteremshe kabla ya kuingia usiku au milimani.

Yapo magari yanayosoma vibao vya barabarani na kumwonya dereva kulingana na kikomo cha mahali alipo; katika Umoja wa Ulaya mfumo huo ni sharti kwa kila gari jipya tangu Julai 2024. Lakini nao husoma kibao, hausomi ukungu.

Kuhusu simu, tofauti uliyoiona ni ya kawaida. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa hairuhusu spidomita kuonyesha mwendo ulio chini ya ule halisi, bali inairuhusu kuuzidisha kwa hadi asilimia 10 na kilomita 4 juu yake, na watengenezaji huitumia nafasi hiyo. Katika barabara iliyonyooka na mwendo usiobadilika, simu inayopokea setilaiti vizuri huwa karibu zaidi na ukweli. Lakini wewe endesha kwa kufuata spidomita, usizigeuze kilomita hizo 6 kuwa ruhusa. Tahadhari moja: wapenda jangwa wengi hufunga tairi kubwa kuliko za kiwandani, na hapo spidomita yaweza kuonyesha pungufu, kengele nayo ikachelewa kulia. Kama umezibadilisha, kazi ya kumpa fundi ni kuisahihisha spidomita kabla hujaianza safari.