Fundi, nikikipiga shoti kinanda changu makusudi nitakiua?

SWALI: Mambo fundi. Nina kinanda kidogo cha plastiki, kile cha watoto chenye sauti za mbwa na paka na demo isiyoisha. Nimesikia watu wanavifungua na kupiga shoti ndani makusudi ili vitoe sauti za ajabu. Changu nishakifungua, naona bodi na doa jeusi kama lami katikati. Nianzie wapi? Na nitakiua?
– Mwenye Bisibisi

JIBU: Poa ndugu yangu. Kukiua inawezekana kabisa, ndio maana mchezo huu tunauchezea kwenye kinanda ambacho hata kikifa hakuna atakayekilia. Kama ni cha mdogo wako muombe kwanza.

Kabla ya yote, betri tu. Adapta ichomoe iweke mbali, na kitu chochote ambacho umeme wa ukutani unaingia moja kwa moja ndani yake usikifungue kwa mchezo huu, kwa sababu huko hatuongelei tena kuua kinanda, tunaongelea kukuua wewe. Betri nne ndogo ni volti 6 hivi, hapo kidole chako kiko salama.

Lile doa jeusi ndio chipu yenyewe, imemwagiwa gundi ngumu juu. Ndani huingii, lakini njia zake zote zinatoka pembeni na kuishia kwenye vinundu vya risasi ya kulehemu, na hivyo vinundu ndio shamba lako. Sasa washa demo, geuza bodi, lamba kidole (kidole, sio bodi!) halafu kipapase taratibu juu ya vinundu. Ngozi yenye unyevu inapitisha umeme kidogo, yaani wewe mwenyewe unageuka resista, kile kipande kinachobana umeme usipite wote. Sehemu nyingi hazitafanya kitu. Halafu utagusa sehemu moja, ule wimbo wa demo utayumba, utashuka chini kama redio ya betri zilizochoka, ukikandamiza unapanda, ukiachia unarudi. Hapo weka alama kwa kalamu, umepata dhahabu.

Baada ya kidole ndio waya. Ncha moja iache kwenye kinundu kimoja, nyingine itembeze. Zinapoingia waya za betri, nyekundu na nyeusi, paogope kama moto, ukiziunganisha hizo mbili hupati sauti yoyote ya ajabu, unapata waya wa moto na pengine chipu iliyokufa. Kikikwama kwenye mlio mmoja au kikanyamaza usipanik, toa betri, subiri kidogo, rudisha. Mara nyingi kinaamka. Spika ikianza kupata joto nayo acha hapohapo.

Na usidhani ni ujinga wa juzi. Mmarekani Reed Ghazala aligundua mambo haya miaka ya 1960 pale amplifaya ndogo iliyokuwa wazi ilipogusa chuma ndani ya droo ya meza yake na kuanza kulia yenyewe. Shoti ya bahati mbaya tu.

SWALI: Shikamoo fundi. Nimeipata ile resista inayoongoza spidi, ilikuwa ya 100K (ohm laki moja), nikaitoa nikaweka kitufe cha kuzungusha, yaani resista inayobadilika, cha 1M (ohm milioni moja). Kushuka chini kinashuka vizuri mpaka raha, ila nikizungusha upande wa pili kinapanda kama panya halafu kinakata. Nimekosea wapi?
– Panya wa Sola

JIBU: Marahaba. Hujakosea, umebakiza kitu kimoja. Resista ikipungua chipu inakimbia zaidi, na kitufe chako upande ule kinafika sifuri, sasa chipu inaambiwa ikimbie bila breki, lazima ianguke. Chukua resista ya 33K au 47K uilehemu mfululizo na kitufe, hapo hata ukizungusha mpaka mwisho sifuri haifiki. Na waya zake ziwe fupi, ndefu zinaokota makelele.

Wengine mkitafuta hiyo resista msiione, huenda chenu kinaongozwa na kristali, kale kakopo kadogo ka kung'aa. Hapo mbinu hii haifanyi kazi, inabidi uitoe hiyo kristali na kuweka saa ya nje, yaani chipu nyingine ya kupiga mapigo yanayoongoza spidi, wengi wanatumia chipu ya LTC1799. Kama ndio unaanza achana nacho, tafuta kinanda kingine.

Mimi naona hiki kitufe cha spidi peke yake kinashinda zile swichi ishirini ambazo watu wanajaza kwenye kasha. Nusu yake zinatoa kelele ileile, wiki moja umezichoka.

SWALI: Fundi, jana nilipata sauti kali sana, kama mbwa anaongea ndani ya pipa. Leo waya ni uleule, vinundu vilevile, mbwa hayupo! Kaenda wapi?
– Nimechanganyikiwa

JIBU: Huenda betri zimeshuka, hizi shoti zinabadilika sana na nguvu ya betri. Au jana ulibonyeza kitufe fulani sekunde ileile uliyogusa waya, chipu ikasoma data isiyo yake, na hiyo bahati kuirudia ni kazi. Weka betri mpya, jaribu kugusa waya huku ukibadilisha sauti. Na kuanzia leo simu iwe inarekodi kabla hujagusa kinundu cha kwanza.