Umejifunza drams kanisani, je, uende chuo?

Mdogo wangu, umesema umepiga drams kanisani miaka 4 bila mwalimu, na sasa mwenzako aliyesoma chuo anakuambia hujui kitu. Hapo amekosea. Mpiga drams Tony Allen wa Nigeria alianza kupiga akiwa na miaka 18, akijifundisha mwenyewe huku akifanya kazi ya ufundi redioni Lagos, akasikiliza sana rekodi za Max Roach na Art Blakey, wapiga drams wa jazz wa Marekani. Allen huyo ndiye aliyeijenga Afrobeat, mtindo wa muziki wa Nigeria, pamoja na mwanamuziki Fela Kuti. Buddy Rich, mpiga drams wa Marekani, naye hakusoma nota.

Ila tuliojifunza wenyewe huwa tunaumia mikononi. Mimi nilikuwa nabana vijiti kwa nguvu hadi kifundo cha mkono kikawa kinauma kila baada ya ibada. Mwalimu niliyempata baadaye aliliona siku ya kwanza: kijiti kinadunda chenyewe, kazi yako ni kukiachia kirudi. Kwa hiyo tafuta mtu wa kukuangalia mikono, hata miezi 3 tu. Nyumbani weka metronomu (kifaa kinachogonga mapigo sawasawa) kwenye mapigo 60 kwa dakika, upige kulia-kushoto-kulia-kulia, kushoto-kulia-kushoto-kushoto, taratibu, kwenye mto wa kulalia ukikosa ngoma.

Chuo nenda kama unataka kazi za studio au bendi zinazokuwekea nota mezani. TaSUBa, chuo cha sanaa pale Bagamoyo, wanafundisha muziki. Lakini kanisani usiache kupiga. Kuifuata kwaya inayobadilisha mwendo ghafla, hilo umeshalijua.