Kiongozi wa kikundi cha utafiti: lini uamue, lini uache waamue

SWALI: Mhariri, tuko watano, mwaka wa nne, na mradi wetu unahusu wauza mitumba wa soko la Gikomba, Nairobi, na jinsi wanavyoweka akiba. Nimechaguliwa kiongozi. Nikiamua jambo naitwa dikteta, nikinyamaza hakuna anayefanya lolote. Nifuate mtindo gani wa uongozi? – Mwanafunzi, Kasarani

JIBU: Usitafute mtindo mmoja. Swali la utafiti na mgawanyo wa kazi huamuliwa na wote. Hojaji, yaani karatasi ya maswali, ikishapitishwa, mjadala umefungwa. Vikundi vingi hukwama kwa kufanya kinyume: kiongozi analazimisha mada, halafu huko sokoni kila mtu anauliza apendavyo.

Mwaka 1939 wanasaikolojia Kurt Lewin, Ronald Lippitt na Ralph White walichapisha majaribio yao kuhusu vikundi vya wavulana wa miaka 10 hivi, katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Chini ya kiongozi wa kuamrisha, kazi ilienda akiwapo, ikalegea alipotoka chumbani. Chini ya kiongozi shirikishi iliendelea hata alipotoka. Hapo ndipo penye funzo lako, maana Gikomba hutaweza kumfuata kila mmoja. Asiyeuona mradi kuwa wake ataketi kibandani na chai yake ajaze hojaji ishirini mwenyewe. Utazijua: majibu yanafanana mno, na hakuna swali hata moja lililorukwa.

Kwa hiyo, kikao cha kwanza kila mtu aandike swali lake kwenye karatasi kabla ya yeyote kusema. Lako lisomwe mwisho. Ukitangulia, wenzako wataitikia tu. Chujeni: wahojiwa wanafikika kwa nauli mliyo nayo? Kazi itaisha ndani ya muhula? Mkishindwa kukubaliana, pigeni kura, na kila kazi iandikiwe jina na tarehe.

Hojaji ijaribiwe kwa watu 10 wa soko jingine, kwa mfano Toi, ili msiwachoshe wahojiwa wenu kabla ya wakati. Swali ambalo watatu wameomba lirudiwe, liandikwe upya. Baada ya hapo uwe mkali: maneno yaleyale, mpangilio uleule, kila hojaji na namba yake na herufi za mhoji. Zikusanye jioni hiyohiyo. Wahojiwa waliokubali kupigiwa simu, mpigie mmoja kati ya kumi kuhakikisha alihojiwa kweli. Alfajiri marobota yakifunguliwa msiende, hakuna atakayewasikiliza.

Vibali (barua ya idara, idhini ya kamati ya maadili, leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia) mkabidhi mtu mmoja mwenye subira, aanze sasa.

SWALI: Mwenzetu mmoja haji vikaoni, lakini anataka jina lake kwenye ripoti. Tufanyeje? – Msomaji, Rongai

JIBU: Muulizeni faraghani kwanza, si kwenye kundi la WhatsApp. Mara nyingi ni kibarua au karo. Mpeni kazi anayoweza kuifanya usiku, kama kuingiza hojaji 40 kwenye kompyuta, na mwisho wake uwe tarehe fulani. Ikipita bila kazi, mpelekeeni msimamizi kumbukumbu za vikao kabla ya rasimu ya kwanza. Malalamiko yanayofika siku ya kutetea ripoti huonekana kama ugomvi wa marafiki.