Friji Tangu Mfungo Mosi

Msomaji wetu wa Wete anaandika kwamba friji yao ya mtumba ilipowafia kwa mara ya pili, mumewe aliapa kuwa hatonunua tena kitu bila ya kukichunguza. Alianza uchunguzi Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na sasa Rajabu imeingia. Daftari limejaa bei, naye mke kila siku ananunua barafu na samaki wa mlo mmoja. Anauliza kama huu ni uangalifu au ni ubahili.

Mwanangu, ubahili sio. Bahili angekwishanunua kile cha bei ndogo kabisa, na mumeo amekataa kurudia jambo hilo, nami namuunga mkono. Ninachokiona katika barua yako ni kwamba anatafiti chombo cha jikoni bila ya kumuuliza mwenye jiko, na kwamba muda wote huo anauliza bei kwa wauzaji, ilhali wenye khabari hasa ni mafundi.

Kwa mtu wa Pemba, swali la mwanzo ni nani atakayeitengeneza. Waranti ya duka la Mjini Unguja lisilokuwa na fundi kisiwani kwenu huweza kumaanisha kuipakia friji melini kwa gharama zenu. Basi na aende kwa fundi wa Wete au Chake Chake, amuulize ni aina zipi zinazomjia mara kwa mara na zipi vipuri vyake vinapatikana. Amuulize pia kuhusu gesi ya kupoozea iliyomo ndani ya friji, kwani mafriji mengi mapya hutumia R600a, ambayo inashika moto na inataka fundi aliyeizoea. Akivutiwa tena na mtumba kutoka Japani, asome kibandiko cha nyuma: kule umeme ni volti 100, kwetu ni 230. Halafu afunge mlango juu ya kipande cha karatasi na kukivuta. Kikitoka bila ya kushikwa, mpira umechoka na baridi itavuja usiku na mchana. Chombo cha kuikinga friji na hitilafu za umeme kiingie katika bajeti tangu mwanzo, maana umeme ukikatika na kurudi papo hapo, kompresa hulazimika kuanza kabla shinikizo la gesi halijatulia, na hapo ndipo nyingi huungulia.

Hayo ni mambo ya wiki moja au mbili. (Pasi uliyoitaja, ambayo nayo ina ukurasa wake daftarini, kwa kweli haistahiki uchunguzi wote huo.)

Zungumza naye akiwa ametulia, umuombe abakishe friji tatu tu ambazo fundi ameziridhia, na mkubaliane kununua kabla ya Shaaban kwisha, ili Ramadhani isiwakute bila ya maji baridi ya futari. Ukubwa na mpangilio wa rafu uchague wewe. Na katika daftari hilohilo muandikie pesa za barafu na za samaki waliooza tangu Mfungo Mosi, kwani nazo ni sehemu ya bei.